Ng'ombe wa Mwisho wa Mahari ya Mama

Mama yangu alimaliziwa mahari nikiwa darasa la saba. Nakumbuka vizuri kwa sababu sehemu ya mahari hiyo niliichuma kwa vidole vyangu mwenyewe, asubuhi kabla ya shule, umande ukinilowesha mpaka kiunoni. Watu wa mjini nikiwasimulia hucheka, wakidhani natia chumvi. Mimi huwaacha wacheke kwanza, kisha nawaambia wakae chini.

Kwetu ni Ikonge, upande wa Nyamira, kwenye mlima wa chai. Mama alitoka Nyamache. Baba alipomposa, wazee walikubaliana idadi ya ng'ombe, naye akawapeleka wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja aliahidi kumpeleka mvua zikiisha. Anayeijua Kisii na Nyamira anajua kwamba huko mvua haziishi. Alizaliwa dada yangu, nikazaliwa mimi, wakafuata wadogo zangu wa kiume, na mvua bado zilikuwa zinanyesha.

Kwa miaka mingi deni hilo lilikuwa mzaha tu. Tukienda Nyamache kumsalimu babu, alimpokea Baba kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti kizuri, kisha akauliza, "Mkwe wangu, ng'ombe wangu bado yuko njiani? Hata kobe angekuwa amefika." Baba alikuna kichwa na kucheka. Wajomba walicheka. Mama pia alicheka, lakini nilikuwa nimekaa karibu naye siku zote, na niliona kicheko chake hakifiki machoni. Hakuna mwanamke anayependa kuwa kitu kilichochukuliwa dukani na salio likabaki.

Mzaha uliisha dada yangu mkubwa alipopata mchumba. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndio kwanza ameajiriwa, na mchumba wake alikuwa mwalimu mwenzake kutoka Mosocho. Alikuwa kijana mrefu, mwenye haya, ambaye akija kwetu alikunywa chai huku anatazama kikombe kana kwamba atakitungia mtihani. Tulimpenda sote. Watu wa kwao walituma ujumbe kwamba wangeleta ng'ombe shule zikifungwa Desemba, na harusi ifuate. Dada alianza kuimba akiosha vyombo, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, kuosha vyombo wala kuimba.

Habari hiyo ilivuka vilima ikafika Nyamache. Wiki haikuisha, mjomba mkubwa, kaka yake Mama, akaingia uani na fimbo yake. Alichinjiwa kuku kama ilivyo ada. Alikula kwa utulivu, akanyonya mifupa, akanawa, akamshukuru Mungu, ndipo akafungua mdomo.

"Shemeji, nimesikia mnatarajia wageni."

"Ni kweli, shemeji," Baba akajibu kwa furaha. "Mungu ametukumbuka."

"Ni vizuri. Sisi pia tumekumbuka. Ng'ombe wa binti hawezi kuingia katika boma hili kabla ng'ombe wa mama yake hajatoka. Unaijua sheria hiyo, sikutunga mimi. Mkipokea kabla ya kutoa, sisi tutakuja kuchukua chetu katika hao wa Mosocho, mbele ya wageni wenu. Je, hiyo itakuwa harusi au itakuwa kelele?"

Hakusema kwa ukali. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, na kila mtu katika chumba kile alijua. Baba alitazama sakafu. Dada alikuwa jikoni nami, amebeba sinia, akaliweka tena mezani. "Wakisikia kule Mosocho watasema sisi ni watu wa madeni," akaninong'oneza. "Mama yake ataghairi." Nilimwambia hataghairi. Sikuwa na ushahidi wowote, lakini nilisema kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi.

Mjomba alipoondoka, Baba alikuwa na jawabu tayari, maana Baba hakuwahi kukosa jawabu. Angekopa kwa chama cha wakulima, anunue ng'ombe kesho, mambo yaishe.

"Na chama utakilipa na nini?" Mama akauliza.

"Bonasi ya chai ya mwisho wa mwaka ikitoka."

"Bonasi umeshaila mara ngapi kabla haijatoka?"

Baba yangu alikuwa mtu mwema kupita kiasi, na wema wake ndio uliotuweka hapo. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kweli, na kila harambee aliinua mkono: ya paa la kanisa, ya mtoto wa jirani anayekwenda sekondari, ya mgonjwa asiyemjua. Malipo ya chai yaliingia mwisho wa mwezi kwa mkono mmoja, yakatoka kwa mkono wa pili kabla Mama hajanunua sabuni. Nampenda Baba mpaka leo kwa hilo, lakini nasema kweli, kumpenda kulikuwa rahisi zaidi kwa majirani.

"Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga," Baba akajaribu tena, kwa sauti ya chini. "Sasa unataka tuanze matanga."

"Basi tuyaanze," Mama akasema. "Deni haliponywi kwa deni lingine. Lakini kuanzia leo pesa za chai nazipanga mimi."

Kesho yake alitutoa wote shambani, hata Baba. Hakuwa na kalamu wala karatasi. Alitembea mbele yetu kati ya michai, na panga mkononi, akawa anagawa. Mistari ya juu, kutoka barabarani mpaka kwenye mkaratusi, ni ya karo. Mistari mifupi iliyo karibu na nyumba ni ya chumvi, sabuni, mafuta ya taa na sadaka. Mistari yote ya bonde, kutoka mkaratusi mpaka kijito, ni ya ng'ombe. Kila sehemu ingechumwa siku yake na kupelekwa kwenye banda la kupimia siku yake, ili ijulikane kila moja imeleta kilo ngapi. Mwezi ukiisha, pesa zingegawanywa vilevile. Kama mistari ya nyumbani haikuzaa vya kutosha, tungelala gizani, lakini hakuna mtu angevuka mkaratusi kwenda kumnyonya ng'ombe.

Nimesoma baadaye, nikakaa kwenye semina za bajeti, nikaonyeshwa michoro ya rangi. Sijaona mpango uliotungwa vizuri kuliko ule. Pesa mtu anaweza kuzisahau mfukoni akazitumia. Lakini nani anaweza kusahau kichaka cha chai alichokichuma mwenyewe na mvua ikimpiga mgongoni?

Sisi watoto tuliufanya mchezo. Mistari ya bonde tuliipa majina: pale juu pembe, kisha nundu, mgongo, tumbo, na ule mstari wa mwisho kwenye kijito, wenye matope, mkia. Mkia niliachiwa mimi. Wadogo zangu waligombania tumbo kwa sababu lilikuwa tambarare. Jioni Mama akiuliza tumefika wapi, tulijibu kwa fahari, "Tumemaliza mguu wa nyuma!" Majirani waliopita njiani walidhani tumechinja.

Sukari ndiyo iliyoumia kwanza. Mistari ya nyumbani haikuiweza, kwa hiyo tukawa tunakunywa turungi kavu, chai ya rangi isiyo na sukari, na kiazi kitamu mkononi kwa kujifariji. Baba aliteseka waziwazi. "Mkulima wa chai," alilalamika, "anakunywa chai kama dawa ya minyoo." Siku moja nilitumwa sokoni Ikonge kununua mafuta ya taa nikamkuta kwenye hoteli ya mabati kando ya soko, na kikombe cha chai ya maziwa na mandazi. Hakushtuka sana. Alikata mandazi vipande viwili, akanipa kimoja kikubwa, akasema mdomo uliojaa hausemi. Nilikula na sikusema neno. Hata hivyo jioni, kabla hajavua viatu, Mama alimwuliza kwa upole, "Hayo mandazi ya leo yalichumwa mstari upi?" Baba alinigeukia kama aliyesalitiwa na Yuda. Maskini, alisahau kwamba mwenye hoteli na Mama waliimba kwaya moja.

Adui mwingine wa bajeti alikuwa mjomba mwenyewe. Alikuja kuulizia ng'ombe, akachinjiwa kuku. Akaja tena kuulizia, akachinjiwa kuku mwingine. Kuku hao Mama alikuwa amewahesabia kazi, kwa kuwa mayai yao yalifidia mistari ya nyumbani. Mgeni kwetu hanyimwi, na mgeni wa ukweni ndiye kabisa. Baba alisema hakuna la kufanya. Mama alisema, "Kaka yangu anakula ng'ombe wake kwa vipande, na akimaliza atadai mzima."

Alipokuja mara ya tatu, Mama mwenyewe alimwandalia. Aliweka ugali wa wimbi, moto, wenye kung'aa, na chinsaga, zile mboga zetu chungu, zilizolazwa kwenye maziwa mpaka zikalainika. Sijawahi kuonja chinsaga tamu kama ile. Mjomba alikula akitazama mlango wa jikoni. Alikula tena, akatazama tena. Mwishowe akashindwa.

"Dada yangu, kuku wa nyumba hii wamekufa kwa kideri?"

"Hawajafa, kaka. Wanageuka kuwa ng'ombe. Ukila mmoja leo, siku ile ng'ombe wako atakufikia ana miguu mitatu."

Mjomba alicheka mpaka chakula kikampalia, ikabidi Baba ampige mgongoni. Alipata pumzi, akafuta machozi, akaomba aongezewe mboga. Hakurudi tena mpaka siku yenyewe, na tangu siku hiyo alimheshimu dada yake kwa namna mpya.

Baba alituangusha mara moja tu kwa uzito. Alishuka Kisii mjini kununua dawa ya ng'ombe wa jirani, akarudi amevaa koti. Lilikuwa koti jipya, la kijivu, lenye bitana ya kuteleza. Alikuwa amelichukua kwa mkopo kwenye duka la Mhindi aliyemfahamu tangu ujana, mzee mwenye miwani aliyezungumza Ekegusii, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi yetu. Baba alisimama katikati ya chumba akazunguka ili tumwone.

"Siwezi kuingia Nyamache na ng'ombe mzuri nikiwa na koti bovu," akaeleza. "Watasema ng'ombe ndiye anayenipeleka mimi."

Mama alilishika lile koti, akalipapasa. Niliona alivyolipenda. Akasema, "Umependeza. Ungekuwa umevaa hivi siku ya kunioa, ningekuja bila kuuliza. Sasa lirudishe."

Nilimsindikiza kulirudisha kwa sababu nilikuwa nahitaji kupimwa viatu vya shule, na hivyo vilitoka mistari ya juu, halali kabisa. Mwenye duka hakukasirika. Alisikiliza maelezo yote ya Baba, mistari, mkaratusi, mkia na nini, akaita mkewe kutoka nyuma aje asikie pia. "Mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha dukani akitundika koti, "bibi yako akitaka kazi ya duka, mwambie mimi iko tayari kumwandika leo." Baba alitoka dukani amefura kwa fahari kana kwamba sifa hiyo ilikuwa yake.

Halafu mambo yakageuka. Bonasi ilitoka ikiwa ndogo kuliko tulivyoomba. Mama alikuwa ameipigia hesabu iunganishwe na pesa za bonde, nayo haikufika. Alisema si neno, wiki chache za kuchuma zingeziba pengo. Siku chache baadaye, mchana, anga likawa jeusi upande wa Nyamira, na mvua ya mawe ikatushukia. Kwenye mabati huwezi hata kusikia kilio chako mwenyewe. Ilipoacha, tulitoka nje tukakuta ua mweupe, na michai ya bonde imechanwa, machipukizi yote yako chini, matawi yamebaki vijiti. Mistari ya juu ilinusurika nusu. Bonde lote, kutoka pembe mpaka mkia, lilikwisha. Kichaka kilichopigwa hivyo hakichumwi kwa majuma mengi, na Desemba ilikuwa inabisha hodi.

Dada aliingia chumbani akafunga mlango. Mimi nililia pale pale kwenye matope ya mkia wangu, na sioni haya kusema. Mdogo wangu mmoja akauliza kama tunaweza kuazima mistari ya karo, tuirudishe baadaye. Hilo lilikuwa wazo la akili, na nilimwona Mama akiutazama mlango wa dada, kisha akanitazama mimi. Nilijua anachopima. Nilikuwa nakaribia mtihani wa kwenda sekondari. "La," akasema. "Sitamwozesha mmoja kwa kumtoa mwingine shuleni." Akakaa kwenye kizingiti, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikumwona akiwa na la kufanya.

Ni Baba aliyeinuka. Alitwaa kapu, akavaa aproni ya kuchumia ambayo Mama huifunga kiunoni, akashuka njia bila kusema anakokwenda. Mvua ya mawe hupita kwa mkanda. Ng'ambo ya kijito, kwenye mlima mwingine, haikuwa imegusa hata jani. Baba yangu, mzee wa kanisa, mtu wa kuinua mkono kwenye harambee, alikwenda kuomba kibarua cha kuchuma chai ya watu.

Alichuma huko kila siku isipokuwa Sabato, katikati ya wanawake na vijana, akilipwa kwa kilo kama wao. Watu walisema, si unajua watu. Kuna waliopita barabarani makusudi kumwona. Yeye aliwaamkia kwa jina, akawauliza hali za nyumbani, akaendelea kuchuma. Jioni alirudi vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, akamkabidhi Mama kila senti, na Mama alizipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kitu cha heshima. Nikaona kwamba viazi vikubwa sasa vilikuwa vinaishia kwenye sahani yake.

Shule zilipofungwa, pesa zilitosha kwa kubanwa. Baba na Mama walikwenda mnadani pamoja, jambo lililowashangaza wanaume wengi pale, kwa kuwa mwanamke hakununua ng'ombe, sembuse ng'ombe wa mahari yake mwenyewe. Nilishika kamba. Muuzaji alikuwa mtu wa kutoka upande wa Sotik, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kila mtu cha kwake.

"Mama, hii ng'ombe ni ya maziwa," akasema. "Wewe angalia tu hii matiti."

"Matiti naona," Mama akajibu. "Lakini mbona miguu inachechemea?"

"Hiyo ni safari tu. Imetembea mbali."

"Basi bei nayo itembee kidogo."

Walitembezana hivyo karibu nusu ya asubuhi. Baba alijaribu mara moja kumhurumia muuzaji, Mama akamkanyaga mguu. Hatimaye tulirudi na ng'ombe mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, si mnono lakini mzima wa afya. Dada alimpokea langoni akamkumbatia shingoni kama ndugu aliyerudi kutoka jeshini.

Ng'ombe wa mahari husindikizwa na wanaume wa ukoo. Baba na wadogo zake waliondoka naye Ijumaa asubuhi, washinde Sabato kwa jamaa njiani, wafike Nyamache Jumapili. Sisi wanawake tulitangulia kwa gari ili tusaidie kupika. Kwa hiyo Mama, aliyemnunua yule ng'ombe, alikuwa nyumbani kwa baba yake akisubiri kumpokea, amefunga kitambaa kipya kichwani, na kila mara akitoka jikoni kuchungulia njia. "Unamtazamia bwana harusi?" bibi, mama yake, akamtania. Mama, mtu wa watoto wote sisi, akaona haya.

Walifika wakati ugali unasongwa. Baba alikuwa amevaa koti la kuazima la mzee mwenzake wa kanisa, mikono yake ikimeza vidole. Wajomba walimzunguka ng'ombe. Walimfungua mdomo, wakamshika mkia, wakamtazama miguu. Mjomba mkubwa akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza.

"Dada yetu amekaa huko miaka yote hii," akasema, "halafu wanaleta mbavu hizi?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akishindwa kuamua yuko upande gani. Akafungua mdomo, akaufunga, kisha akapasuka: "Mbavu hizo nimezipigania mnadani mpaka sauti ikaniisha! Mpe majani wiki mbili uone!"

Ua mzima ulicheka. Babu aliinua fimbo yake, kicheko kikatulia. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yameanza kuingia ukungu, lakini alisimama bila kushikwa. Kabla ya ng'ombe wa mahari kupokelewa, binti huulizwa mbele ya watu kama anakubali. Huulizwa msichana anayeolewa. Hakuna aliyefikiri kwamba mama wa watoto wakubwa, anayekaribia kuwa mama mkwe, ataulizwa. Babu akamwita Mama kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

"Njoo hapa. Simama. Wakati ule nilikuuliza, ukaniambia nipokee, nikapokea wale wengine. Huyu ni wa mwisho. Nikimpokea, sina tena neno juu yako, na siwezi kumrudisha. Kwa hiyo nakuuliza tena. Nile ng'ombe huyu, au nisile?"

Watu walitabasamu, wakingoja jibu la haraka. Halikuja. Mama alisimama, mikono imeshikana mbele. Dada yangu alinibana mkono mpaka ukaniuma, maana harusi yake yote ilikuwa imesimama pale na Mama. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na katika lile koti kubwa alionekana kijana, kijana kabisa, anayengoja kuambiwa kama anatakiwa. Nadhani ilimjia kwa mara ya kwanza kwamba jibu lingeweza kuwa jingine.

"Kula, Tata," Mama akasema hatimaye, akimwita baba yake kwa lugha yetu. "Kama ningetaka kuondoka, ningeondoka wakati deni lilikuwa la huyu bwana peke yake."

Vigelegele vilianzia jikoni vikaenea mpaka barabarani. Bibi alicheza na mwiko mkononi. Dada aliniachia mkono akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na mjomba mkubwa, yule wa mbavu, akamwongoza ng'ombe zizini akimsifia kwa kila mtu. Baba hakuinua kichwa mara moja. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu, akamtafuta Mama katikati ya wale wanawake wote waliokuwa wakimkumbatia, na alipompata hakumwacha tena kwa macho mpaka chakula kikaletwa.

Tulirudi kesho yake. Tulishuka kwenye barabara kuu tukaanza kupanda mlima wa kwenda nyumbani, sisi watoto mbele, wao nyuma. Nilipogeuka nilimwona Baba amebeba mkoba wa Mama, mkoba wa kike wenye kufuli la shaba, ameutundika begani juu ya koti la kuazima. Enzi zile, katika mlima ule, mwanamume hakubeba mkoba wa mke wake, labda awe anampeleka hospitali. Wanawake waliokuwa wakichuma chai kando ya njia walisimama kutazama. Mmoja akampigia Mama kelele kutoka shambani, "Wewe! Umeolewa lini?"

"Jana!" Mama akajibu, bila kupunguza mwendo.